Sura Tatu Zilizofungiwa Bagia

Ukiingia nyumbani kwetu Ngamiani, hapa Tanga, unapita ukumbi mrefu unaokwenda moja kwa moja hadi uani. Katikati ya ukumbi, mkono wa kushoto, ipo rafu ya mbao aliyoigonga mume wangu mwaka tuliooana. Chini ya rafu lipo kapu la ukindu la mama mkwe. Rafu ni yangu: vitabu, kalamu, kazi za kusahihisha. Kapu ni lake: karatasi za kufungia bagia. Miaka 12 rafu na kapu vilikaa jirani bila ugomvi.

Kapu hilo nalijaza mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kila muhula unapokwisha wanafunzi huacha darasani madaftari yaliyojaa. Nayakusanya, nayafunga kamba, naja nayo nyumbani. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini Juni 2019, karatasi imezidi thamani kwa mtu anayekaa barazani na karai la mafuta. Mama alikuwa akinipokea mzigo ule kwa dua, kana kwamba nimemletea gunia la mchele.

Rafuni, nyuma ya vitabu vya shule, nilikuwa na kaunta buku lenye sura mbili za hadithi. Hadithi yenyewe ni ya mtoto wa manamba, wale vibarua walioletwa kwa mkataba kutoka mbali kuja kukata mkonge huku Tanga. Sura hizo mbili zilinichukua miaka mitatu. Niliandika usiku wakishalala, nikafuta, nikaandika tena ukurasa wa kwanza, nikafuta. Hamu nilikuwa nayo, muda wa kuiba nilikuwa nao, ila sikujua kazi hii inafundishwaje.

Ndipo nikasikia habari za kambi ya uandishi Lushoto, siku saba, wakati wa likizo ya Juni. Watu tisa tu. Chakula na malazi vimelipiwa, nauli na matumizi juu yako. Nikatuma sura yangu ya kwanza, nikajibiwa kwamba nimechaguliwa.

Hapo ndipo kisa kilipoanza, maana wiki ileile zamu yangu ya upatu ilikuwa imefika, na fedha zile zilikuwa na jina tayari. Zilikuwa za mabati. Paa letu juu ya ukumbi lilikuwa na matundu ambayo tuliyajua kwa idadi, na kila tundu lilikuwa na sufuria yake. Tulikaa uani, mimi, mume wangu na mama, nikaeleza. Mume wangu ni fundi baiskeli, mtu wa maneno machache. Alizungusha kikombe chake, akasema, "Mama Watoto, paa limevuja miaka miwili. Litavumilia. Wewe nenda."

Mama alikuwa akichambua kunde kwenye ungo. Hakuinua macho. "Mtu anapanda mlima mpaka Lushoto kwenda kuandika? Kwani hapa kalamu haziandiki?"

Sikuwa na jibu. Na niseme wazi kwamba lile halikuwa swali la ubaya. Lilikuwa swali halali, nami nilipanda nalo basi. Muheza, Korogwe, Mombo, kisha barabara ikaanza kujikunja kuelekea juu, mabonde yakaingia chini yetu, hewa ikabadilika kuwa baridi. Mapajani nilikuwa na bagia za njiani, alizonifungia mama mwenyewe alfajiri ile bila kusema neno.

Kambini tulikuwa na mwezeshaji mmoja, mwalimu mstaafu, mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi kuueleza na mgumu kuufuata. Asubuhi hakuna salamu, hakuna simu: unaamka, unakunywa chai, unaandika kwa mkono saa tatu mfululizo. Mchana kila mtu anasoma kwa sauti alichoandika, wenzake wanasikiliza wakiwa wamefumba macho, kisha kila mmoja anataja alichobaki nacho kichwani. Hawasifu wala hawakosoi. Wanataja tu kilichobaki. Usiku ni masomo.

Masomo yale ndiyo yaliyonifungua. Usiku wa kwanza alituambia habari za mtu wa kwetu, Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, Machui, mwaka 1909. Nilikuwa nimefundisha mashairi yake kwa miaka bila kufikiri aliyaandika saa ngapi. Yule alikuwa karani wa serikali. Tangu 1926 alishika kazi katika idara ya forodha, akahamishwa huku na huko, na vitabu vyake zaidi ya 20 vimetoka katika maisha ya mtu aliyeamka asubuhi kwenda ofisini kama mimi ninavyokwenda darasani.

Usiku wa pili tulifanya kazi kwa mikono mezani. Mwezeshaji alileta kitabu cha Amri Abedi cha sheria za kutunga mashairi, kilichotoka 1954, akatugongesha mizani: nane, pumzi, nane, pumzi. Wengi wetu tulikuwa waandishi wa nathari, tukajiuliza mizani ya nini. Kesho yake, niliposoma sura yangu kwa sauti, nikajua. Kwa mara ya kwanza nilisikia mahali ambapo sentensi yangu inamaliza pumzi ya msomaji kabla haijafika. Jicho lilikuwa limepapita pale mara kumi bila kuona kitu.

Usiku wa tatu alituambia habari za Abdilatif Abdalla wa Mombasa, aliyefungwa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya siasa, akatunga mashairi yake gerezani na kuyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Yakatoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Nilitazama daftari langu jeupe, safi, lenye mistari, nikaona haya kwa miaka mitatu niliyolalamika kwamba sina nafasi.

Siku ya tano alitupa zoezi moja. "Fungeni madaftari. Iandikeni upya sura yenu ya mwisho bila kuitazama." Wenzangu wakaanza. Mimi nilishindwa. Niliipenda mno ile sura. Nilikuwa nimeandika humo kurasa mbili za jua linavyozama nyuma ya milima ya Usambara, na niliogopa kuzipoteza. Usiku nikalifungua daftari kwa kificho, nikanakili neno kwa neno, asubuhi nikakabidhi kazi kana kwamba nimeitoa kichwani. Mwezeshaji aliisoma, akanirudishia. "Siku moja utaliandika zoezi hili," alisema. Hakuongeza neno.

Kaunta buku langu lilikuwa limejaa siku ya pili. Nilishuka sokoni Lushoto nikanunua madaftari matatu ya shule, ya kawaida, yenye jalada kama la wanafunzi wangu. Sura ya tatu, ya nne na ya tano zikaingia humo, kurasa 71 kwa jumla. Nilizifunga kwenye kanga zisilowe, nikateremka mlima.

Nilifika nyumbani Jumamosi jioni. Usiku ule, baada ya Isha, nilifanya kile nilichozoeshwa: nilikaa mkekani uani nikasoma kwa sauti, sura zote tatu. Binti yangu mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho. Mume wangu alisinzia na kuamka. Mama alikuwa kwenye kigoda chake akimenya kunde zilizolowekwa, kichwa chini, na nilipomaliza alisema tu, "Taa ile inamaliza umeme." Nikaona hadithi yangu haikumgusa. Nikaweka madaftari rafuni, juu kabisa, nikalala na uzito kidogo moyoni.

Jumatatu usiku ikanyesha mvua ya mchoo. Pwani tunaijua, inakuja Julai bila kuaga, inapiga nusu saa na kuondoka. Nilikuwa nimelala fofofo kwa uchovu wa siku ya kwanza ya shule. Mume wangu alisikia maji yakidondoka mahali pasipo na sufuria. Tundu jipya, juu ya rafu barabara. Akaamka gizani, akakusanya kila karatasi aliyoikuta pale, akaishusha mahali pakavu palipo karibu zaidi. Mahali hapo palikuwa juu ya kapu la mama.

Sina la kumlaumu. Alikuwa akiokoa kazi yangu. Na lile tundu lingekuwa limezibwa kama fedha za upatu zingekwenda zilikokusudiwa.

Jumanne alfajiri mama alimwita binti yangu, kama kila siku, amkatie karatasi kabla ya shule. Mama alisoma kisomo cha watu wazima enzi za Mwalimu, na zamani angetambua mwandiko wangu hata usiku. Lakini macho yake sasa yana mtoto wa jicho, karatasi zote kwake ni weupe tu. Binti naye aliona majalada yaleyale ya kila siku. Akapiga rula, akachana kila ukurasa vipande viwili, akavipanga vizuri kwa sababu ni mtoto mwenye mpangilio. Mimi nilikuwa nimekwisha kutoka kuwahi zamu.

Jua lilikuwa limezama nilipoketi uani na chai yangu. Kijana wetu wa mwisho akaja ananyonya vidole, mkononi ana karatasi ya bagia. Nikaichukua niitupe. Ilikuwa imelowa mafuta, na karatasi ikilowa mafuta inakuwa kama kioo: maandishi ya mbele na ya nyuma yanaonekana kwa pamoja, yamepandana. Wino wa bluu ulikuwa umetanuka kuzunguka kila herufi. Nikajaribu kusoma. Katikati ya vurugu ile nikaona neno "manamba" kwa mwandiko wangu.

Nilikwenda rafuni. Nilikwenda kwenye kapu. Yalikuwa yamebaki majalada matatu na vipande vichache.

Nyumba nzima ikasimama. Mume wangu alichukua baiskeli na tochi akaenda kijiweni kwa bodaboda, akaenda kwa muuza kahawa, akaenda mpaka sokoni. Kijana alitumwa mlango kwa mlango. Binti yangu alilia mpaka kwikwi, akirudia, "Nilizipiga rula mwenyewe, mama, nilizipiga rula." Nilimkumbatia, kwa sababu hakuwa na kosa, na kwa sababu nilihitaji kushika kitu. Saa nne usiku tulitandaza mkekani vilivyopatikana. Tukiunganisha vipande, kurasa zilizosomeka zilikuwa 14. Kati ya 71.

Niliingia chumbani nikafunga mlango. Sikumsemea mtu vibaya, ila kichwani nilikuwa nimekwisha kukata shauri kwamba basi. Miaka mitatu, safari, mabati, na mwisho wake mafuta ya kukaangia.

Mlango ukagongwa. Mama hajawahi kugonga mlango wa chumba chetu tangu niolewe. Nilipofungua alikuwa amesimama na kigoda mkononi.

"Toka, mwanangu. Njoo na kalamu."

Tukakaa uani, karai limepoa pembeni. Akaweka mikono magotini, akasema, "Anza pale mtoto anapoamka, king'ora kinalia, baba yake ameshatoka na kipande chake kimesahaulika chini ya mto. Anakimbia nacho shambani. Si ndivyo?"

Nilimtazama. Ndivyo ilivyokuwa. Ndivyo sura ya tatu ilivyoanza.

"Ila hakukuwa na king'ora," akaendelea. "Kwetu kambini walikuwa wakigonga kipande cha reli kilichoning'inia mtini. Na wewe umeandika kiwanda cha kuchakata mkonge. Nani alisema hivyo? Sisi tulisema korona. Baba yangu alikwenda korona, mama yangu alianika singa nje ya korona. Na hukuandika mwasho. Maji ya mkonge yanawasha, mwanangu. Baba alirudi jioni anajikuna mpaka ngozi inatoka, mama anampaka mafuta ya nazi mikono yote miwili kabla hajashika chakula."

Miaka 12 nimeishi na mtoto wa manamba chini ya paa moja. Nilikuwa nimesoma kuhusu kipande, ile kadi ya kibarua yenye nafasi za siku 30 za kazi, ambayo siku usiyofanya haiwekwi alama wala hailipwi. Nilikuwa nimepanda mlima kutafuta ukimya wa kuiandikia. Sikuwahi kumuuliza mama alizaliwa wapi.

Usiku ule ndipo nilipoliandika lile zoezi la siku ya tano. Sikuwa na daftari la kulifungua kwa kificho. Tulilifanya watu watatu. Mama alishika matukio: nani alitangulia, nani alimfuata. Binti yangu alishika majina na maneno waliyoambizana, maana masikio ya mtoto yananasa kila mazungumzo. Mimi nilishika sentensi, zile chache zilizokuwa na pumzi sahihi, nazo zilirudi zenyewe, nzima, kana kwamba hazikuwahi kupotea. Tukakaa hivyo usiku baada ya usiku, kuanzia Isha hadi saa nne, kwa wiki sita.

Nilimsimulia mama habari za Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki yapata 1840. Wengi walioyajua mashairi yake waliyajua kwa sikio. Miongo mingi baada ya kifo chake, Mwalimu Sikujua alizunguka akiyakusanya kutoka vichwani mwa watu, akisaidiana na Mwingereza mmoja, William Taylor, na diwani ikachapishwa 1940. Kwa miaka hiyo yote karatasi ya Muyaka ilikuwa ni watu wa mji wake. Mama alisikiliza, akatikisa kichwa, "Basi na wewe usituone sisi ni wasinziaji tu."

Na zile kurasa mbili za jua kuzama nyuma ya Usambara? Hakuna aliyezikumbuka. Mama hakuzikumbuka, binti hakuzikumbuka, na nilipojitahidi mimi mwenyewe, nilikumbuka tu kwamba nilizipenda. Nikaziacha zilikokwenda. Kurasa 71 zilirudi zikiwa 46, na ndani ya hizo 46 mlikuwa na mwasho, reli inayogongwa, na mikono miwili inayopakwa mafuta ya nazi kabla ya chakula. Hiyo ndiyo hadithi sasa. Ile ya kwanza ilikuwa maandalizi yake.

Nimekuja kulijibu swali la mama, na namjibu kwa heshima. Hapa kalamu zinaandika. Lakini mimi nilihitaji kukaa siku saba mahali ambapo hakuna anayeniita ili nifundishwe kusoma kwa sauti, na nisingesoma kwa sauti uani usiku ule wa Jumamosi, pasingekuwa na mtu wa kunikumbushia Jumanne. Kambi ilinifundisha kupeleka maneno kwenye sikio. Sikio lenyewe lilikuwa nyumbani, limeinama juu ya beseni la kunde. Mwandishi anayejifunza anahitaji vyote viwili. Anayetamani kambi bila kuwasikiliza watu wake atarudi na kurasa za jua kuzama. Anayebaki nyumbani bila kujifunza kazi ataendelea kufuta ukurasa wa kwanza, kama nilivyofanya miaka mitatu. Na chochote ukipendacho katika rasimu, kifunge, ukiandike tena bila kukitazama. Kitakachorudi ni chako.

Mabati tuliyapata Novemba, zamu ya upatu ya mume wangu ilipofika. Alipanda darini mwenyewe na nyundo, akaanza na tundu la juu ya rafu. Madaftari yangu yanalala kwenye sanduku la bati lenye komeo.

Lakini jambo lililobadilika zaidi ni kapu. Mama hachani tena karatasi isiyojulikana. Kila alfajiri, kabla rula haijapigwa, anamwambia binti yangu, "Soma kwanza." Binti anasoma: hesabu za kujumlisha, ramani ya Afrika, sehemu za ua. Mama anasema, "Chana." Wanaendelea. Desemba asubuhi moja nilikuwa nikivaa viatu ukumbini nikasikia binti akisoma insha ya mwanafunzi wangu mmoja, mtoto mkimya wa dawati la nyuma, niliyempa alama 11 kati ya 20 kwa sababu ya herufi kubwa na nukta. Aliandika kuhusu bibi yake anavyopepeta mchele, jinsi chuya zinavyoruka upande wa upepo na kuku wanavyojua wasimame wapi.

Ukimya ukapita. Rula haikupigwa.

"Hii usichane," mama alisema. "Mpelekee mama yako. Mwambie huyu mtoto anasikia."

Niliikunjua ile karatasi darasani siku hiyohiyo, nikamwita yule mtoto mbele, nikamwomba aisome kwa sauti.